Sura ya Sita: Rutuba Iliyopotea Njia

Aghalabu habari za samaki huachiwa watu wa mwambao na wa kandokando ya maziwa, kana kwamba mkulima wa majani chai aliyeko Kapkatet, katika nyanda za juu za Kenya, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hana fungu wala dhamana katika mambo yatokeayo majini. Ni rahisi kuisamehe dhana hiyo, maana katika nchi ile, ambamo michai imetandaa juu ya kila kilima na jicho halioni maji ila mvua ya alasiri na vijito vyembamba vilivyofichwa na mikaratusi, ziwa lenyewe haliko machoni. Walakini maji hufuata mkondo, na kila kilichoyeyuka ndani yake au kuchukuliwa nayo hufuata vivyo hivyo. Na madhali ni hivyo, mtu atakaye kujua kwa nini mlolongo wa chakula umevurugika katika maji makubwa hana budi kuanza safari yake huku juu, shambani, chini ya shina la mchai.

Mvua inyeshayo Kapkatet haiendi Mombasa. Vijito vya nchi ile, baina ya Litein na Sotik, hukusanywa na Mto Kipsonoi na mito wenzake. Kipsonoi hukutana na Yurith, ikawa mto mmoja uitwao Sondu, ambao kwa Waluo wa nchi ya chini una jina jingine la Miriu. Na baada ya kuyakusanya maji ya eneo la kiasi cha kilomita za mraba 3,500, mto huo huporomoka kutoka nyanda za juu, hupita Nyakach, na kuingia Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia ndani ya Kenya. Kutoka ziwani maji hayana mlango mwingine wa kutokea ila Jinja, na baada ya Jinja ni Mto Nile, Sudani, Misri, hata Bahari ya Mediterania. Upande wa pili wa nchi ya chai, Mto Nyangores hupita mjini Bomet, hukutana na Amala kuwa Mto Mara, hukata mbuga za wanyama za Kenya na Tanzania, na kuingia ziwa lile lile karibu na Musoma. Kwa hiyo nchi hii ya wakulima ina milango miwili ya kuingilia ziwani, na mlango mmoja wa mbali wa kuingilia baharini.

Ndani ya mfuko mmoja

Majani chai huchumwa wiki baada ya wiki, mwaka mzima, na kila jani lichumwalo huondoka na sehemu ya rutuba ya udongo, hususan nitrojeni, ambayo isiporudishwa mchai hudhoofika na majani yake yakawa ya manjano. Ndiyo sababu wakulima wadogo walio chini ya KTDA, shirika lao la chai lililoundwa mwaka 1964 likarithi kazi ya mamlaka iliyoitangulia mwaka 1960, huletewa mbolea kwa mkopo katika mifuko ya kilo 50, na bei yake ikakatwa baadaye katika malipo ya majani. Mbolea iliyozoeleka huitwa 26:5:5, nazo ni sehemu katika mia: nitrojeni 26, fosfeti 5 na potashi 5. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba mfuko mmoja una kilo 13 za nitrojeni, na kwamba fosforasi halisi iliyomo ndani ya ile fosfeti ni kilo 1 na kidogo tu.

Vitu hivi viwili, ambavyo husafiri pamoja hadi shambani, huachana mara mvua inyeshapo. Nitrojeni, ikishageuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, huyeyuka kabisa, na ile ambayo mizizi haikuiwahi huzama na maji, ikatokea chemchemini na mtoni bila ya kuonekana, maji yenyewe yakiwa maangavu kama kwamba hayakubeba kitu. Fosforasi ina tabia nyingine. Udongo mwekundu wa Kericho na Bomet umejaa chuma, na chuma huishika fosforasi mshiko wa nguvu, hata mkulima hulazimika kutia zaidi ya ile ambayo mchai utaila. Kwa sababu hiyo fosforasi haisafiri sana ila udongo wenyewe usafiripo. Mtu aonaye mto umegeuka rangi ya matofali baada ya mvua kubwa, basi anaiona fosforasi ikienda zake.

Insafu yataka isemwe hapa kwamba mchai wenyewe si adui wa mto. Kuanzia mwaka 1958, watafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa H. C. Pereira, waliyapima mabonde mawili karibu na Kericho, Lagan lililoachwa na msitu wake, na Sambret ambalo sehemu yake ilifyekwa ikapandwa chai. Na baada ya miaka mingi ya kupima mvua na maji ya mto ilithibitika kwamba michai ikishakutana matawi, na barabara na makingamaji ya shamba yakiwa yamechongwa kwa uangalifu, mto haupati dhara kubwa. Hatari ipo katika ile miaka michache ya mwanzo, mche ukiwa mdogo na ardhi iko wazi. Na hatari kubwa zaidi ipo pale ambapo mchai haupo kabisa: katika mahindi na viazi vilivyolimwa mpaka ukingoni mwa mto, katika njia za ng'ombe ziteremkazo kwenye maji, katika vinamasi vilivyokaushwa, na katika misitu ya Mau, ambayo mwaka 2001 iliondolewa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi ili zigawiwe watu. Mlima wenye mchai uliokomaa huushika udongo wake. Mlima uliovuliwa nguo zake huupeleka udongo ziwani.

Walaji na chakula chao

Palikuwa na mabishano marefu baina ya wataalamu juu ya kitu gani hasa huyageuza maji ya ziwa kuwa ya kijani, na mabishano hayo yalikatwa na jaribio moja lililofanywa Kanada, katika jimbo la Ontario, mwaka 1973. David Schindler na wenzake walilitenga ziwa dogo kwa pazia likawa nusu mbili. Nusu moja wakaitia kaboni na nitrojeni, na nusu ya pili wakaitia hivyo hivyo na kuongeza fosforasi. Nusu ya kwanza ilibaki kama ilivyokuwa, na ya pili ikageuka kijani kizito, hata picha iliyopigwa kutoka angani ikawa ni shahidi asiyehitaji kuulizwa maswali. Tangu hapo imejulikana kwa yakini kwamba katika maziwa mengi fosforasi ndiyo ishikayo ufunguo. Nayo, hata ikiwa haba, ina nguvu ya kustaajabisha, kwani kilo 1 ikifika majini na kutumika yote yaweza kuotesha kiasi cha kilo 500 za mwani mbichi. Ina maana kwamba mfuko mmoja wa mbolea ukipotea wote majini, fosforasi yake peke yake ni nusu tani ya mwani.

Hapa msomaji aweza kuuliza swali la haki kabisa: ikiwa mwani ndio chakula cha kwanza cha majini, ambacho huliwa na vidudu, navyo vidudu vikaliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo na wakubwa, kwa nini kuzidi kwa mwani kusiwe neema? Mwaka 1942 Raymond Lindeman alionyesha kwamba kila ngazi ya walaji hupokea sehemu ndogo tu ya nguvu iliyomo katika ngazi iliyo chini yake, nayo hukisiwa kuwa karibu sehemu moja katika kumi. Basi chini pakiongezeka mara kumi, juu nako kwapaswa kuongezeka mara kumi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ina sharti ambalo maumbile hayakulitimiza, nalo ni kwamba mwani ulioongezeka uwe ule ule ambao walaji wamezoea kuula.

Ziwa Victoria la zamani lilikuwa ziwa la diatomu, mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho, ambao hujijengea ganda la kioo kwa madini ya silika. Ngege, samaki aliyekuwa fahari ya wavuvi wa Winam na kitoweo cha heshima katika nchi nzima ya ziwa, alikuwa mlaji wa diatomu hizo. Fosforasi ilipozidi, diatomu nazo zilizidi kwa muda, lakini silika haikuongezeka pamoja nayo. Ikaliwa, ikazama na maganda yaliyokufa, ikapungua majini. Nafasi ile ikashikwa na mwani wa kijani-samawati, ambao kwa hakika ni kabila la bakteria, usiohitaji silika hata kidogo, na ambao baadhi ya jinsi zake, nitrojeni ikipungua majini, zaweza kuichukua hewani. Huu hujikusanya kwa vifundo na nyuzi ambazo vidudu vingi vya majini haviwezi kuzimeza, na baadhi yake, kama ule uitwao Microcystis uonekanao mara nyingi katika Ghuba ya Winam, hutoa sumu ya kudhuru maini ya wanyama na ya binadamu. Ni kama karamu ambayo chakula kimeongezwa maradufu na kupikwa kwa namna ambayo wageni walioalikwa hawawezi kukila.

Ithibati ya mageuzi hayo imeandikwa katika vitabu vya wapimaji. Mwaka 1960 na 1961 Jack Talling, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya kazi Jinja, aliyapima maji ya ziwa na kuacha hesabu safi. Na Robert Hecky na wenzake walipopima tena baada ya miaka thelathini hivi, walikuta mwani umezidi mara kadhaa na uzalishaji wake umekuwa maradufu. Kisha mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walitangaza habari waliyoisoma katika mashapo ya sakafu ya ziwa, ambayo hutuama tabaka juu ya tabaka mwaka hata mwaka. Ikaonekana kwamba kuongezeka kwa mwani kulianza katika miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zote zizungukazo ziwa, na kwamba maji ya kina kirefu yalianza kukosa hewa kwa muda mrefu kuanzia kiasi cha mwaka 1960. Kosa hili, basi, halikuzaliwa jana, wala si la kizazi kimoja.

Pumzi ya ziwa

Mwani usioliwa hufa, na ufapo huzama, na uzamapo huozeshwa na bakteria, ambao nao huvuta oksijeni. Yafaa kukumbuka kwamba hata katika hali njema samaki huishi katika ufukara wa hewa, kwani lita moja ya maji ya uvuguvugu kama yale ya ziwani ina miligramu 7 au 8 tu za oksijeni, ilhali lita moja ya hewa tuivutayo sisi ina zaidi ya mara thelathini. Mchana mwani hutoa oksijeni nyingi, hata mtu aweza kudanganyika kwamba maji ya kijani yana afya. Lakini usiku mwani wenyewe huvuta pumzi kama kiumbe kingine chochote, na ikiwa umezidi kiasi, akiba ya mchana huliwa yote kabla ya mapambazuko. Ndipo alfajiri samaki huonekana wamepanda juu, vinywa vikifunguka na kufumba kwenye utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa, wakitafuta kile ambacho chini hakipo tena. Na jua likichelewa kwa sababu ya mawingu, wengi wao hawaioni adhuhuri.

Balaa hii ina tabia ya kujizalia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Clifford Mortimer, alipokuwa akichunguza maziwa ya Uingereza, alionyesha kwamba oksijeni ikitoweka kwenye sakafu ya ziwa, chuma hubadilika hali yake na kuiachilia fosforasi iliyokuwa imeishika. Chuma kile kile, ambacho huko Kapkatet huishika fosforasi ya mkulima asipate kuifaidi yote, hufika ziwani na mzigo wake ukiwa umefungwa barabara, na kwenye giza lisilo na hewa huufungua na kuutoa. Fosforasi ikapanda juu, ikalisha mwani mpya, ambao nao utakufa, utazama, na kuimaliza oksijeni nyingine. Kwa hiyo hata kama leo hii mito yote ingekuja safi, ziwa lingeendelea kwa muda mrefu kulipa deni la zamani. Nalo ni ziwa ambalo maji yake, kwa kadiri yanavyotoka kwa mlango wa Jinja, huchukua karibu karne nzima kubadilika.

Wala isidhaniwe kwamba mbolea ya kiwandani peke yake ndiyo iwezayo kutenda haya. Katika Mto Mara, ambao sehemu ya maji yake hutoka Bomet, wamo viboko zaidi ya 4,000, ambao usiku hula nyasi za mbugani na mchana hukaa mtoni na kuacha kinyesi chao katika vidimbwi vya maji yaliyosimama. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walieleza jinsi vidimbwi hivyo, wakati wa ukame, hukosa oksijeni kabisa chini, na mvua ya ghafla ijapo huvisukuma vyote mtoni kwa pamoja, samaki wakafa na kuwa chakula cha ndege na mamba. Hayo ni maumbile yenyewe, bila ya mkono wa mtu; lakini yana kiasi chake na majira yake, na mto hujirudi. Kitu ambacho maumbile hayakukizoea ni rutuba ijayo kila mwaka, kutoka kila upande, bila ya majira ya kupumzika.

Rangi zilizozimika

Miongoni mwa madhara yote ya maji kuchafuka kwa rutuba, hapana lililo la ajabu kama lile lililowapata furu, ambao Waluo huwaita fulu, samaki wadogo wa mifupa mingi ambao katika ziwa hili walikuwa jamii zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wamo jamii mbili zinazokaribiana mno, waishio kwenye miamba ya visiwa vya upande wa Mwanza: mmoja huitwa Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya samawati, na wa pili huitwa Pundamilia nyererei, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, naye dume lake ni jekundu mgongoni. Majike ya jamii zote mbili hayana rangi za kung'aa na hufanana sana, na yanapotafuta dume huchagua kwa macho: jike la huyu humfuata wa samawati, na jike la yule humfuata mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ndoa yao, na kwa sheria hiyo kila jamii ilibaki na nasaba yake, ingawa miili yao yaweza kabisa kuzaliana.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Mahali ambapo maji ni maangavu, mathalani kwenye Kisiwa cha Makobe, jamii hizi zilikuwa bado mbili, kila moja na rangi yake kamili. Mahali ambapo maji yamejaa mwani na tope, mwanga ufikao chini ni hafifu na wa rangi moja, samawati hupotea, wekundu nao hufifia, na jike haoni tofauti ya kumwongoza. Hapo samaki walikuwa na rangi za kati na kati, wamekwisha changanyika, na jamii mbili zilikuwa zinarudi kuwa moja. Hapakuwa na sumu, wala nyavu, wala sangara. Lilikuwa ni giza tu, na giza lile lilitosha kufuta kazi ambayo maumbile yalikuwa yameifanya kwa vizazi vingi.

Katika habari za kutoweka kwa furu ni desturi kumshitaki sangara, ambaye kwa Waluo ni mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980. Na shitaka hilo ni la haki, maana aliwala kwa mamilioni. Lakini sangara alikuta ziwa limekwisha kudhoofika, maji ya kina hayakaliki, macho ya furu yamefunikwa. Na yeye mwenyewe hawezi maji yasiyo na hewa, kwa hiyo kila sehemu ya chini ikosapo oksijeni humpunguzia makao hata huyo mshindi. Waliofaidi ni wengine. Gugu maji, lililoingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuneemeka kwa rutuba iliyomo majini, lilifikia mwishoni mwa mwaka 1998 kufunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, likafunga bandari ya Kisumu na fukwe za wavuvi, kabla ya kupunguzwa na fukusi walioletwa kulila, na kwa mawimbi na mvua za El Niño. Na chini ya kivuli chake waliongezeka kamongo na mumi, ambao huweza kuvuta hewa ya juu. Omena naye, dagaa wa ziwa hili, mwenye maisha mafupi na uzazi wa haraka, alipanda cheo hadi kuwa sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wavuliwao. Hivyo ziwa halikufa, kama wasemavyo wenye haraka. Limebadilisha wenyeji wake, likawapa nafasi wale wavumiliao giza na uhaba wa hewa, na kuwanyima wale waliotegemea mwanga na maji safi.

Mlangoni pa bahari

Mto ule ule wa Nile, uchukuao maji ya Jinja, una mafunzo yake mahali uingiapo baharini. Kwa karne zote zilizopita, gharika ya kila mwaka iliteremsha Misri tope lenye rutuba, lililotoka aghalabu katika milima ya Uhabeshi, na tope hilo lilipofika Bahari ya Mediterania, ambayo upande wa mashariki ni bahari maskini mno wa virutubishi, diatomu zilichanua na dagaa wakubwa wa sardini walikusanyika kwa wingi mbele ya vinywa vya mto. Mwaka 1962 wavuvi wa Misri walivua tani 18,000 hivi za sardini. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuizuia gharika katikati ya miaka ya 1960, rutuba ilibaki nyuma ya ukuta, na mwisho wa muongo ule samaki hao hawakufikia hata tani 1,000. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, uvuvi ukaanza kufufuka, na Scott Nixon alionyesha kwamba sababu yake yaelekea kuwa mbolea ya mashamba ya Misri na maji machafu ya miji yake, ambayo yalikuwa yameshika nafasi ya gharika iliyozuiwa.

Kisa hiki chapaswa kumfunga mdomo kila asemaye kwamba rutuba majini ni sumu kwa asili yake. Bahari ikinyimwa kabisa, mlolongo wa chakula hufa njaa. Ikipewa kwa kiasi, huamka. Lakini kiasi hicho kina mpaka, na mpaka huo umekwisha kuvukwa mahali pengi. Katika Ghuba ya Mexico, mbele ya Mto Mississippi, ambao hukusanya naitreti ya mashamba makubwa ya mahindi ya Marekani, kila kiangazi hutokea eneo la sakafu ya bahari lisilo na oksijeni ya kutosha viumbe, na mwaka 2017 eneo hilo lilipita kilomita za mraba 22,000. Na kwa hesabu waliyoitoa Robert Diaz na Rutger Rosenberg mwaka 2008, maeneo ya namna hiyo duniani yalikuwa zaidi ya 400, na jumla yake ilikaribia ukubwa wa nchi nzima ya Uganda. Mwambao wetu wenyewe haukusalimika. Mwaka 1995 Mats Björk na wenzake, akiwemo Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza kwamba mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambako maji machafu humwagwa baharini, ule mwani mwekundu wenye chokaa, ambao hugandisha vipande vya matumbawe na kuufanya mwamba uwe mmoja, hupungua kwa kadiri fosfeti inavyozidi. Hapo rutuba haigusi mlaji wala mliwaji. Hugusa nyumba ambamo wote wawili hukaa, na mvuvi wa changu na tasi hujua thamani ya nyumba hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mizani ya shamba

Nani basi alaumiwe? Lawama ikigawanywa kwa watu wengi huwa nyepesi, na kila mmoja humwonyesha jirani yake. Mkulima atataja maji machafu ya Kisumu, na mkweli ni yeye. Mtu wa Kisumu atataja tope la Mto Nyando, naye hakusema uongo. Na wataalamu wameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani huanguka kutoka hewani, katika vumbi la ardhi iliyo wazi na katika moshi wa nyika na mabua yachomwayo. Wafugaji wa samaki katika vizimba, ambao mwishoni mwa mwaka 2022 walipata hasara kubwa upande wa Kisumu samaki wao walipokufa kwa kukosa hewa, nao pia huongeza chakula majini kila siku. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na kwa kuwa ni kweli kwa pamoja, hayamtoi yeyote katika wajibu wake.

Wajibu wa mwenye shamba si mgumu kuutaja. Mbolea itiwe udongo ukiwa na unyevu, wala si siku ambayo mawingu yameahidi mvua ya mafuriko, na ikiwezekana igawanywe badala ya kumwagwa yote mara moja. Udongo upimwe, ili usiongezewe kile ulicho nacho. Matawi yaliyopogolewa yaachwe chini ya michai yaufunike udongo na kuurudishia rutuba, yasibebwe yote kuwa kuni. Na ukingo wa mto uachiwe majani na miti ya kienyeji, kwa upana ambao kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliuweka kuwa si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30 kila upande. Ukanda huo wa majani ndio ulio na kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu fosforasi, kama tulivyokwisha ona, husafiri na udongo, na udongo hukamatwa kwa majani. Naitreti nayo, ipitapo katika kinamasi kilichoachwa na maji yake, hugeuzwa na bakteria ikarudi hewani bila ya kumdhuru mtu. Mikaratusi iliyopandwa kinamasini haiwezi kufanya kazi hiyo.

Na kama mahubiri ya wajibu hayatoshi, basi na tuseme kwa lugha ya hesabu, ambayo mkulima wa chai aijua vyema kuliko wengi, maana huisoma kila mwezi katika karatasi yake ya malipo na kila mwaka katika bonasi. Mbolea si sadaka. Imekopwa, na bei yake imekatwa katika jasho lake. Chembe iliyoyeyuka katika mchai italipa deni lake kwa majani. Chembe iliyochukuliwa na maji hadi Winam hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza na mkulima wa Kapkatet aliyeinunua na asifaidi, na mara ya pili na mvuvi wa Nyakach ambaye hakuinunua wala hakuitaka. Hapana biashara mbovu kuliko hiyo, na hapana hata mmoja katika hao wawili apataye faida ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeuhifadhi ukingo wa mto wake asihesabu kwamba anamfanyia mvuvi hisani, maana mfuko wa kwanza anaouokoa ni wake mwenyewe.